Kulitambua Gari la Zamani na Thamani Yake

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

 Natumaini kila mmoja ana daftari na penseli, maana leo tutakuwa na kazi ya kuandika.

Somo letu ni juu ya motokaa za zamani. Tutajifunza namna ya kutambua kama gari ni lile analolitaja muuzaji, na namna ya kukadiria thamani yake.

Huenda mmoja wenu akasema: "Mimi si fundi, wala si tajiri. Gari la zamani lanihusu nini?" Lakini hapa Moshi, na huko juu migombani, Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu mpaka Rombo, magari ya zamani bado yapo. Mengine yangali yakipanda milima na mizigo ya ndizi. Mengine yamesimama uani miaka mingi, yamefunikwa turubai. Siku moja mwenyewe husema, "Nauza," na dalali hupita akitangaza kwamba gari ni la asili, halijaguswa, na bei yake ni ya kutupa.

Mnunuzi naye ana fedha gani? Ni fedha za kahawa za msimu mzima, au kiinua mgongo cha mtu aliyestaafu, au fedha za kikundi zilizochangwa mwaka mzima. Pengine mtu ameuza ng'ombe, au hata kipande cha kihamba alichorithi kwa baba yake. Fedha ya namna hiyo ikiliwa na gari bovu, au na gari la wizi, hairudi. Ndiyo sababu ya somo hili.

Jambo kubwa la kushika leo ni hili: maneno ya muuzaji hayaandikwi popote, lakini gari lenyewe limeandikwa. Limeandikwa kwenye kadi, limeandikwa kwenye chuma, na mtu ajuaye kusoma herufi na tarakimu aweza kulisoma. Ninyi mnajua kusoma. Basi tuanze.

KWA NINI WATU HUDANGANYA

Magari mawili yaweza kufanana kwa macho, lakini moja likawa na thamani mara nyingi kuliko la pili. Hapo ndipo udanganyifu huingia.

Chukueni mfano wa Marekani. Katika magari yake ya modeli ya 1964 kampuni ya Pontiac ilianza kuuza gari lenye injini ya nguvu nyingi, likaitwa GTO. Lilifanana sana na gari la kawaida la kampuni hiyo hiyo, lililoitwa Tempest. Leo GTO ya kweli hutafutwa sana na watu wenye fedha. Basi wapo wanaochukua Tempest ya kawaida, wakabandika herufi tatu, G, T na O, wakatia injini kubwa, wakaiuza kwa bei ya GTO. Wanunuzi wa kule wamejifunza kutotazama rangi wala herufi za kubandika. Huinama wakasoma nambari zilizopigwa kiwandani, kisha hutafuta karatasi za kiwanda.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jina linalovuta watu ni Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973. Na tangu mwaka 2003 kumekuwako mashindano mengine, ya magari ya zamani, ambayo miaka mingine yamevuka mpaka wa Kenya na kuingia kaskazini ya Tanzania. Kwa hiyo magari ya miaka ile yamepata watu wa kuyatafuta.

Basi mtu akikuambia, "Peugeot hii ilikimbia Safari," usibishane naye wala usimsadiki upesi. Mwambie kwa upole: "Mzee wangu, nionyeshe." Akuonyeshe picha, karatasi za mashindano, na nambari zinazoliunganisha gari hili na zile karatasi. Kama hana, basi hiyo ni Peugeot 404 kama Peugeot 404 nyingine, na bei yake iwe ya Peugeot nyingine.

KWANZA, SOMA KARATASI

Kabla ya kufungua boneti, omba kadi ya gari. Soma jina la mwenye gari. Je, ndilo jina la huyu anayeuza? Mwombe kitambulisho chake, uyalinganishe majina mawili herufi kwa herufi.

Katika vijiji vyetu mara nyingi gari la zamani lilikuwa la baba, na baba amekwisha kufariki. Jina la kwenye kadi ni lake marehemu. Hapo yapasa kuangalia sana. Mtoto wa marehemu, hata akiwa mkubwa wa nyumba, hana mamlaka ya kuuza mali ya mirathi kwa kuwa mtoto tu. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Omba kuiona karatasi ya mahakama. Usipoiona, usilipe hata shilingi moja ya rehani. Ukinunua kwa mtoto mmoja, wadogo zake na mama yao waweza kukufuata kesho, nao watakuwa na haki.

Shika kanuni hii: mtu hawezi kuuza haki asiyo nayo. Mwizi akikuuzia gari, umenunua mashaka tu. Mwenye gari akitokea, gari hurudi kwake, nawe unabaki kumtafuta mwizi.

Gari lililotoka Kenya kwa njia ya Taveta na Holili ni lazima liwe na karatasi za forodha. Gari likiwa bado na kibao cha Kenya, kinachoanza kwa herufi K, nawe unaambiwa utasajili mwenyewe baadaye, jua kwamba ushuru waweza kukuangukia wewe, au gari likakamatwa.

Jambo jingine. Kibao cha nambari hakithibitishi umri wa gari. Vibao vya nchi yetu vimebadilishwa namna yake zaidi ya mara moja tangu wakati wa Tanganyika. Vya sasa vina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Gari la miaka ya 1960 laweza kuvaa kibao cha juzi, wala si kosa. Kibao hubadilika, kadi hubadilika, rangi hubadilika. Kinachodumu ni nambari ya chasisi.

PILI, SOMA NAMBARI

Chasisi ni ule uti wa mgongo wa chuma uliobeba gari zima. Kiwanda hupiga nambari juu yake. Injini nayo ina nambari yake, iliyopigwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Nambari hizi mbili huandikwa pia kwenye kadi. Kazi yako ni kuona kwamba chuma na kadi vinasema neno moja.

Nendeni watu wawili. Mmoja ainame kwenye chuma, asome kwa sauti, tarakimu moja moja. Wa pili ashike kadi na kufuata kwa kidole. Msisome kwa haraka. Zipo tarakimu na herufi zinazofanana, hasa kwenye chuma chenye kutu: 1 na 7, 3 na 8, 5 na S, 8 na B, 0 na O. Kosa la tarakimu moja laweza kuwa kosa la karani, na laweza kuwa gari jingine kabisa. Kwa vyovyote vile, lisahihishwe ofisini kabla ya kulipa.

Kama nambari haisomeki, safisha matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, usugue karatasi hiyo polepole kwa ubavu wa penseli. Nambari itatokea kwenye karatasi, nawe utaondoka na ushahidi mkononi.

Tazama pia namna nambari ilivyokaa. Je, tarakimu zimepangika mstari mmoja? Je, kina chao ni kimoja? Je, chuma cha pembeni kina alama za tupa au za kulehemu, au rangi mpya mahali pale tu? Ukiona hayo, simama. Peleka habari kwa polisi wa usalama barabarani wakague. Muuzaji mwenye nia njema hatakasirika. Akikasirika, amekwisha kukujibu.

(Walimu, hapa simamisheni redio kidogo. Andikeni ubaoni: 5 S 8 B 0 O 1 7. Kila mwanafunzi asome kwa sauti.)

Magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 1981 kwa soko la Marekani, na ya nchi nyingine nyingi pia, yana nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17. Katika nambari hiyo hakuna herufi I, wala O, wala Q, ili watu wasizichanganye na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona duara katika nambari ya namna hiyo, ujue ni sifuri. Magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu yana nambari fupi zaidi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kisha mstari mdogo, kisha tarakimu nyingine.

TATU, SOMA CHUMA

Sasa tuchukue gari moja linalojulikana sana katika mlima wetu, Land Rover ya zamani. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwezi Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi yake kwa aluminiamu, lakini chasisi ikabaki ya chuma.

Habari hiyo ina faida kwa mnunuzi. Chukua sumaku ndogo. Ukiigusisha kwenye madigadi, haitashika, maana aluminiamu haivutwi na sumaku. Ikishika, huenda bati limetiwa mahali pa aluminiamu. Lakini usishangae sumaku ikishika kwenye ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, maana ukuta huo ni wa chuma tangu kiwandani.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Huona bodi haina kutu, wakasema gari ni zima. Wasahau kwamba bodi haiwezi kushika kutu kama chuma. Kutu imo chini, ndani ya chasisi, ambayo ni kama bomba la pembe nne. Matope mekundu ya masika huingia humo na kukaa na unyevu. Lala chini ya gari. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo, mwanzo mpaka mwisho, na hasa ule mwamba wa nyuma na mahali springi zinaposhika. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Palipofunikwa puti na rangi nene, gonga mara mbili.

Je, utatambuaje kama Land Rover ni ya miaka inayosemwa? Toleo la pili lilianza mwaka 1958, likaboreshwa mwaka 1961, na toleo la tatu lilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Katika toleo la pili saa ya mwendo na saa nyingine ziko katikati ya dashibodi. Katika toleo la tatu ziko mbele ya dereva. Katika toleo la pili taa kubwa zilikuwa karibu karibu, pande mbili za wavu wa mbele. Mwisho wa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Kwenye toleo la tatu wavu wa mbele ni wa plastiki.

Chukua na futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma la upande ule ule. Land Rover fupi ya matoleo haya ina inchi 88, karibu sentimita 224. Ndefu ina inchi 109, karibu sentimita 277. Kama kadi yasema fupi na kamba yasema ndefu, kuna jambo.

Nambari ya chasisi nayo husema. Mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1970, tarakimu tatu za mwanzo zilieleza aina ya Land Rover. Kwa mfano, 242 ni ile fupi ya petroli iliyoboreshwa mwaka 1961, yenye usukani wa kulia, iliyotengenezwa kupelekwa nchi za nje. 902 ni ndugu yake wa toleo la tatu. Basi mtu akikuambia gari ni la mwaka 1965, nawe ukasoma 902 kwenye chuma, umemshika bila kugombana.

Anayetaka hakika zaidi aweza kuandika kwa makumbusho ya magari ya British Motor Museum, huko Gaydon, Uingereza. Wao hutunza daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachoeleza gari lilitengenezwa lini, lilikuwa na rangi gani, na lilipelekwa wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Gari lenye daftari lina habari hata baada ya miaka 60.

NNE, FANYA HESABU

Huenda mkauliza: Je, gari lisilo la asili halifai? La, si hivyo. Utakuta Land Rover yenye injini ya Toyota, nayo inapanda kilima cha Kibosho pasipo shida. Kwa mkulima anayetaka kubeba mbolea, injini hiyo haina ubaya, mradi nambari yake imeandikishwa. Kwa mtu anayetaka gari la kumbukumbu, lenye kila kitu chake cha kiwandani, injini ngeni hupunguza thamani sana. Basi jiulize kwanza: nanunua gari la kazi au gari la kumbukumbu? Usilipe bei ya kumbukumbu kwa gari la kazi.

Sasa andikeni hesabu hii. Bei zake ni za mfano tu. Mmewauliza watu watatu wasio na faida katika biashara hii, wakasema gari kama hilo, likiwa zima na lenye karatasi zote, lafaa shilingi 14,000,000, au 15,000,000, au 16,000,000. Jumlisheni, mgawe kwa tatu. Mnapata 15,000,000.

Fundi wenu, si fundi wa muuzaji, amekagua akaandika kasoro:

Kutengeneza chasisi: 2,500,000
Matairi manne: 1,200,000
Breki na springi: 900,000
Karatasi na ada: 400,000

Jumla ni 5,000,000. Toa katika 15,000,000, zinabaki 10,000,000. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia mazungumzo. Muuzaji akitaka 15,000,000, msomee orodha yako, kasoro moja moja. Aliyeandika hupatana kwa sauti ya chini, kwa kuwa karatasi inamsemea.

Lakini angalieni. Kama karatasi za umiliki hazipo, msitoe milioni moja wala mbili. Gari lisilo na haki ya kuuzwa thamani yake kwako ni sifuri, hata liking'aa kama kioo.

Mkikubaliana, andikeni mkataba mbele ya wakili. Uwe na majina kamili, nambari ya chasisi, nambari ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na sahihi za mashahidi. Lipeni kwa njia inayoacha alama, kama benki. Kisha msikae. Nendeni Mamlaka ya Mapato kubadilisha jina. Mpaka jina libadilike, katika kumbukumbu za serikali gari lile bado ni la mwenye kwanza.

Ndugu wasikilizaji, zamani mzee asiyejua kusoma alilazimika kumwamini dalali, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Ninyi mnayo njia. Penseli moja, karatasi nyembamba, futi kamba, sumaku, na macho yanayojua tofauti ya 3 na 8. Vitu hivyo vyote havifiki bei ya tairi moja, navyo vyaweza kuokoa kihamba. Msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Fungueni gunia, msome.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kibao cha nambari hakithibitishi umri wa gari?
2. Baba amefariki, na mtoto wake mkubwa anataka kukuuzia gari. Utaomba kuona karatasi gani?
3. Kwa nini bodi ya Land Rover isiyo na kutu haitoshi kuonyesha kwamba gari ni zima?
4. Watu watatu wamesema gari lafaa shilingi 8,000,000, 9,000,000 na 10,000,000. Kasoro zake zitagharimu 2,750,000. Bei ya kuanzia mazungumzo ni ngapi?
5. Andika mkataba mfupi wa kuuziana gari. Usisahau nambari mbili zinazopatikana kwenye chuma.